Je, wajua? Mwamba wa Coco Beach si mwamba wa sakafu ya bahari

Maji yakipwa pale Coco Beach, Dar es Salaam, miamba yenye ncha kali hujitokeza na watoto huruka juu yake wakisaka kaa. Ukiitazama unaweza kudhani bahari yote iko hivyo huko chini. Haiko hivyo. Lile ni jiwe la matumbawe, yaani mifupa ya viumbe wadogo iliyoshikamana zamani, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ndilo lililojenga nyumba za kale za pwani, na ndilo lililochomwa likawa chokaa.

Basi panda boti ya Unguja. Nako hujafika kwenye sakafu yenyewe ya bahari. Kati ya Dar na Unguja kina ni makumi ya mita tu, na chini yake ni bara lilelile, limefunikwa maji. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imeshika maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Unguja watu wangekwenda kwa miguu, bila tiketi.

Sakafu yenyewe iko mashariki zaidi, kwenye maji ya kina cha mita 3,000 na kuzidi. Juu yake limelala tope nene, sehemu yake likiletwa na mito kama Rufiji. Chini ya tope hilo kuna basalti, jiwe jeusi, zito, la jamii moja na mawe ya volkano ya Kilimanjaro.

Kwa nini basalti? Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, Madagaska ilianza kubanduka Afrika. Ardhi ikipasuka hivyo, mwamba moto wa chini hupanda kuziba pengo. Cha ajabu, hauhitaji kuongezewa moto ili uyeyuke: unapopanda, mzigo uliokuwa ukiugandamiza hupungua, na hilo peke yake linatosha kuyeyusha sehemu yake. Uji huo, wenye joto la nyuzi 1,200 hivi, ukikutana na maji baridi ya kilindini huganda papo hapo, vibonge juu ya vibonge, mithili ya mito ya kulalia. Unaobaki ndani hupoa taratibu na kuwa gabro, jiwe la asili ileile lakini lenye chembe kubwa.

Ganda hilo la mawe chini ya bahari lina unene wa kilomita 7 hivi, wakati la bara hufika 35 na zaidi. Tena ni zito: mita moja ya ujazo ya basalti ina tani 3 hivi, ya matale (graniti), jiwe la bara, 2.7. Jembamba na zito, likadidimia, na maji yakafuata bonde. Bahari ipo pale ilipo kwa sababu ya jiwe.

Umri nao unashangaza. Karibu sakafu yote ya bahari duniani haijafikisha miaka milioni 200, kwa kuwa ya zamani huzama tena ardhini, kama inavyozama kule Sumatra. Matale ya Mwanza yana zaidi ya bilioni 2.5.