Geji ya presha haipimi nguvu

Wengi huamini kwamba presha ya hewa inayoingia kwenye injini ikipanda kwenye geji, basi nguvu ya injini nayo imepanda. Sivyo. Supachaja ya aina ya Roots (pampu inayozungushwa na injini ili kuisukumia hewa) husukuma takriban kiasi kilekile cha hewa kila inapozunguka. Presha hutokana na hewa ambayo injini haijaweza kuimeza. Ndiyo maana ukipanua njia za manifoldi ya kuingizia hewa, au ukiondoa ile kona kali uliyochomelea harakaharaka ili supachaja ya bei nafuu ikae, geji inaweza kushuka huku silinda zikipata hewa zaidi. Hapo watu hushtuka, wakadhani inavuja (na kweli, kagua gasketi kwanza). Kisha huifungia supachaja puli ndogo, izunguke kasi zaidi, ili presha irudi. Hewa huzidi joto, injini ikaanza kugonga, yaani mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda.