Makande ya watu 100: jinsi mtaa unavyoweza kupika na kula pamoja

Mtaa ukiamua kupika pamoja mara moja kwa wiki, wengi hufikiria pilau. Sisi wa lishe tunashauri makande. Protini ya mahindi na ya maharage hukamilishana, bei inabebeka, na kaya nyingi zinaweza kutoa bakuli moja la nafaka.

Kwa watu 100, andaa mahindi ya kukoboa kilo 10, maharage kilo 5, vitunguu kilo 2, nyanya kilo 3, karoti kilo 2, mafuta lita 1 na chumvi yenye madini joto gramu 250. Tumia sufuria mbili za lita 40. Moja kubwa sana ni ngumu kukoroga, na huungua chini.

Kazi inayopuuzwa zaidi ni kuchambua. Kila mchango umwagwe kwenye ungo peke yake kabla ya kuchanganywa, kwa kuwa bakuli bovu likishaingia gunia la wote halitoki tena. Toa punje zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo kwenye mahindi na 125 wakafariki. Mahindi yaliyokataliwa yasipewe hata kuku.

Loweka usiku kucha, mahindi peke yake na maharage peke yake, kisha mwaga maji hayo. Mahindi yatangulie jikoni kama saa moja, ndipo maharage yafuate. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili, hivyo yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Nyanya ziingie mwishoni, maana uchachu wake huchelewesha maharage kulainika. Yakigoma kabisa, huenda ni ya zamani, yaliyokaa kwenye joto. Magadi yatayalainisha lakini yataharibu vitamini B1. Afadhali uongeze kuni. Minya punje ya maharage kwa vidole viwili: ikibonyea yote bila kiini kigumu katikati, imeiva.

Gawa kwa upawa mmoja unaojulikana ujazo. Wa mililita 200, mara mbili kwa kila mtu, unatosha na kubakiza akiba ya wanaochelewa. Koroga hadi chini kila baada ya sahani chache.

Tunasisitiza sana hili: msiandike orodha ya wasiojiweza. Mama anayejua jina lake litasomwa atabaki ndani na wanawe wenye njaa. Kila kaya itoe chochote: bakuli la mahindi, kuni, ndoo ya maji. Asiye navyo aje kuchambua au kuosha vyombo. Foleni iwe moja, mjumbe na mbeba mizigo wafuatane, wote wakae mkeka mmoja. Wazee na wagonjwa wapelekewe kwenye hotipoti na jirani wa mlango wa pili. Na mtu wa kila wiki asipoonekana, aendewe siku hiyohiyo.

Chakula kilichobaki kisilale kwenye sufuria kubwa. Katikati hukaa vuguvugu kwa saa nyingi, na kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, kisha huzaliana katika joto hilo na kuharisha watu. Kigawiwe kwenye mabakuli kikiwa bado kinatoa mvuke, kisizidi saa mbili nje, na usiku huohuo kitokote upya kabla ya kuliwa.