Buti za mkia-raketi hazikuambii dume ni yupi

Jamani, leo naomba tuelewane. Nimetumiwa tena picha mbili za mkia-raketi, yule ndege mvumaji mwenye manyoya mepesi miguuni kama buti na mkia unaoishia na vijibao viwili kama raketi. Mmoja ana buti nyeupe mwingine za kahawia, chini aliyetuma kaandika "dume na jike wake". Jike wake wapi bwana! Wote madume, raketi zinaonekana kabisa mkiani, tena hawajawahi kuonana maana mmoja kapigwa picha Mindo, magharibi mwa Ekuado, na mwingine miteremko ya Sumaco, mashariki, katikati yao milima ya Andes nzima.

(Na nyie mnaonitumia chozi wa Usambara: Afrika haina ndege mvumaji porini, hata mmoja. Tusonge.)

Nazungumzia Ocreatus, ndilo jina la kisayansi la mkia-raketi, kandege ka gramu kama tatu ka misitu ya mawingu, Venezuela mpaka Bolivia. Dume koo la kijani linalong'aa, mkia mrefu wenye raketi. Jike hana raketi, tumbo jeupe lenye madoa ya kijani, mkia una ncha nyeupe. Jinsia imeisha hapo. Buti wanazo wote. Ukiona mkanda mweupe kiunoni huyo ni Discosura, mvumaji wa jenasi nyingine, si wetu.

Rangi ya buti inakuambia ndege katokea wapi. Venezuela, Colombia na magharibi mwa Ekuado nyeupe. Mashariki mwa Ekuado na kaskazini mwa Peru ni peruanus, buti kahawia hafifu, ukishuka kusini kuna annae, halafu addae wa Bolivia. Zamani wote waliwekwa spishi moja, underwoodii, siku hizi wanagawanywa tatu: wa buti nyeupe, peruanus, na annae na addae wakiwa pamoja, na wapo wanaotaka hata hao watenganishwe.

Kinachonichosha zaidi ni mtu kusoma rangi kwenye simu kama vile kamera haidanganyi. Mng'ao wa koo unatokana na umbo la unyoya wenyewe, ndege akigeuka kidogo tu koo linakuwa jeusi, kwa hiyo usiniandikie "koo jeusi, nususpishi (kundi ndani ya spishi) mpya?" Buti hazizimiki hivyo, ila ukungu na majani vinazipaka kijani, chupa nyekundu ya maji ya sukari ya kuwalishia inazipaka wekundu, halafu na wewe unaongeza filta! Kama ni jike angalia ncha za mkia, zile lazima ziwe nyeupe, zikitoka njano basi hata buti usiziamini.

Sasa hao wa buti nyeupe wana nususpishi zao, incommodus, discifer, polystictus, melanantherus na wenzao, na kuwatofautisha vitabu vinataja madoa ya jike na mkia wa dume kana kwamba ni rahisi. Mimi kwa picha moja bila mahali siwezi kusema ni yupi. Ukweli ni kwamba wengi wetu tunaangalia ramani kwanza ndipo tunaandika jina, halafu majina hayohayo yanarudi kuchorea ramani, na hilo linanisumbua kuliko nyie na buti zenu.

Kwa hiyo andika mahali, mteremko upi, na mita ngapi juu ya bahari. Na picha iliyokatwa miguu sijibu.