Mtoto wa jicho hasubiri kukomaa

Shangazi yangu anakaanga vitumbua Mtoni kwa Azizi Ali, Dar es Salaam, na biashara ndiyo iliyomfichua kabla yeye hajakubali kwamba haoni vizuri. Mteja anatoa noti ya elfu tano, shangazi anarudisha chenji ya elfu mbili. Mara ya kwanza tulicheka, tukasema ni usingizi wa alfajiri. Mara ya tatu dereva wa bodaboda alikuja juu mbele ya foleni nzima, na tangu siku hiyo shangazi akawa anamwita mtoto wa jirani amsomee noti.

Noti hizo mbili hazikumchanganya kwa bahati mbaya tu. Alikuwa na mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyo ndani ya jicho imechafuka. Lenzi hiyo ikizeeka hugeuka njano, halafu hudhurungi, na rangi inayozuiwa zaidi ni bluu. Elfu tano ni zambarau. Iondolee bluu yake, itafanana sana na elfu mbili, hasa saa 11 alfajiri chini ya taa ya kibanda.

Tulipomwambia twende hospitali, jibu alikuwa nalo tayari, na hakulitunga yeye: "Bado hajakomaa." Karibu miaka miwili iliishia kwenye maneno hayo mawili.

"Ukienda mapema watakurudisha, mpaka akomae"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu zamani ilikuwa na ukweli ndani yake. Enzi hizo daktari alipasua jicho kwa upana, akatoa lenzi nzima pamoja na kifuko chake, na mgonjwa akapewa miwani mizito kama kitako cha chupa ya soda. Kwa matokeo ya namna hiyo, ilikuwa busara kungoja mpaka mtu haoni kabisa. Upasuaji umebadilika, msemo haukubadilika.

Siku hizi swali la daktari ni jepesi: huyu mtoto wa jicho anakuzuia kufanya nini? Kama bado unasoma, unavuka barabara ya Kilwa bila hofu na unatofautisha noti zako, unaweza kukaa naye hata miaka, ukibadilisha miwani na kuongeza taa. Akianza kukukwamisha kazi, muda umefika. Akiachwa apitilize, lenzi inakuwa ngumu na upasuaji unakuwa mgumu zaidi. Nyingine huvimba na kupandisha presha ya jicho kwa ghafla, jicho likauma na kuwa jekundu, na presha hiyo inaweza kuua mshipa wa fahamu wa jicho. Mshipa huo ukishakufa, hakuna upasuaji unaourudisha.

Kuna dalili moja inayowadanganya wazee vizuri sana. Mtu aliyezoea miwani ya kusomea anaamka akiweza kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, anatamba mtaa mzima kwamba macho yamerudi ujana. Mara nyingi ni lenzi inayokomaa katikati, imebadilisha nguvu yake kwa muda. Karibu anaona, lakini mbali kunazidi kufifia. Furaha hiyo haidumu.

"Ni utando juu ya jicho, unakwanguliwa"

Jina lenyewe linachangia. Ukisikia "mtoto" unafikiri kuna kitu kimeingia na kinakua humo. Hakuna kilichoingia. Nyuma ya mboni kuna lenzi, umbo lake kama punje ya adesi, imejengwa kwa maji na protini. Kwa miaka mingi protini hizo hugandamana, kama ute wa yai unavyokuwa mweupe kwenye kikaango, na yai lililoiva halirudi kuwa bichi. Ndiyo maana hakuna dawa ya matone iliyothibitishwa kumwondoa mtoto wa jicho, na miwani haimwondoi. Njia ni kuitoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine.

Kile kinyama chekundu kinachotambaa kutoka kona ya jicho, ambacho wavuvi na watu wa juani wengi wanacho, ni kitu kingine kabisa. Hicho kipo juu ya jicho.

Kwa hiyo asali, maziwa ya mama na maji ya majani havifiki hata kwenye lenzi. Vinachofikia ni kioo cha mbele cha jicho, na vikikiambukiza kinaweza kupata kidonda na kuacha kovu. Mtu alikuwa na tatizo linalotibika, sasa ana mawili. Niongeze na la duka la dawa, maana linasahaulika: matone yenye steroidi, yale unayopewa kwa jicho linalowasha na ukayaona yanatuliza haraka, ukiyatumia miezi kwa miezi bila daktari yanaweza kukuletea huyo mtoto wa jicho na presha ya macho juu yake.

"Wanalitoa jicho, wanaliosha, wanalirudisha"

Shangazi aliamini hili kuliko alivyoamini habari ya kukomaa, ila alikuwa anaona aibu kulisema. Alilitoa siku ya vipimo, kwa sauti ya chini, na nesi hakushangaa hata kidogo.

Jicho halitoki mahali pake. Kwanza hupimwa urefu wake, ili ijulikane lenzi bandia iwe ya nguvu gani. Hupimwa pia presha ya damu na sukari. Wapo wanaosema mwenye kisukari au presha hafanyiwi, lakini anafanyiwa, mradi vimeshushwa kwanza. Shangazi aliahirishwa wiki mbili kwa sababu asubuhi ile presha yake ilipanda, nadhani kwa woga tu. Kisukari chenyewe huharakisha mtoto wa jicho, kwa hiyo tungewakataa hao tungewakataa wengi.

Siku yenyewe ni matone ya kupanua mboni, kisha ganzi, kwa wengi ni sindano pembeni ya jicho. Mgonjwa yuko macho. Uso unafunikwa kitambaa chenye tundu, kope zinashikwa na kifaa kidogo ili asipepese, naye anaona mwanga tu na kusikia watu wakizungumza. Daktari anatengeneza mlango wa milimita chache, anafungua kifuko cha lenzi, anatoa lenzi chafu, anaingiza mpya humo humo. Mara nyingi hakuna mshono. Shangazi alikaa ndani kama dakika 25. Alipotoka alilalamikia baridi ya chumba, si jicho.

Na lenzi hiyo haitoki kwa maiti wala kwa mbuzi. Ni plastiki. Harold Ridley, daktari wa London, aliona marubani wa Vita Kuu ya Pili waliorukiwa na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege, vikakaa machoni mwao bila jicho kuvikataa. Mwaka 1949 akaweka lenzi ya kwanza ya aina hiyo. Leza nayo inatajwa sana, lakini bado lenzi hutolewa kwa mkono na mashine za daktari.

"Ukitolewa bandeji, kila kitu kinaisha"

Bandeji ilitolewa kesho yake. Kuona kwa siku za mwanzo kunaweza kuwa na ukungu kidogo na mwanga kuumiza, ni kawaida. Kazi inayobaki ni ya nyumbani, na hapo ndipo familia zetu hulegea: matone mara kadhaa kwa siku kwa wiki nne hivi, mikono imeoshwa, jicho halisuguliwi, ndoo ya maji hainyanyuliwi. Usiku anavaa kikinga cha plastiki. Shangazi aliambiwa siku za mwanzo aswali ameketi badala ya kusujudu, na kwenye udhu maji yasiingie jichoni. Kilichomuuma zaidi ni kukatazwa moshi wa jiko. Binti yake alikaanga vitumbua wiki tatu, na wateja hawakusita kusema tofauti.

Jicho likianza kuuma, likazidi wekundu, au kuona kukapungua badala ya kuongezeka, ni kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Maambukizi ndani ya jicho ni nadra, lakini hayangoji Jumatatu.

Wengi bado watahitaji miwani ya kusomea, maana lenzi ya kawaida inayowekwa huona umbali mmoja tu. Na aliye na presha ya macho au madhara ya kisukari nyuma ya jicho hatapata yote aliyoyatarajia. Daktari mzuri atamwambia kabla.

Je, anarudi? Lenzi ya plastiki haioti mtoto wa jicho. Kinachotokea kwa baadhi ya watu, miezi au miaka baadaye, ni kile kifuko cha lenzi kuingia ukungu upande wa nyuma. Hapo ndipo leza inapofanya kazi, dakika chache, mtu anarudi nyumbani.

Na si ugonjwa wa wazee peke yao. Mtoto mchanga akionekana na weupe katikati ya mboni, au mboni moja ikitoka nyeupe kwenye picha za simu, apelekwe haraka. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona, na usipopata picha safi mapema unaliacha jicho hilo. Hapa Dar, hospitali za Muhimbili na CCBRT ya Msasani zina huduma za macho.

Jicho la kushoto la shangazi bado, nalo lina tarehe yake, maana kwa kawaida hufanywa moja kwanza. Siku hizi ana mchezo wake. Anashika noti ya elfu tano, anafumba jicho moja, anaitaja: "Zambarau." Anafumba la pili: "Udongo." Halafu anacheka peke yake na kuiingiza kwenye kopo la chenji.