Degedege la mtoto njiti: dawa inayopimwa kwa matone

"Dada, huyu anatafuna, labda ana njaa." Ndivyo mama anavyotuita wodini. Kumbe saa ya maziwa bado, na macho ya mtoto yamekwenda upande mmoja hayarudi. Hilo ni degedege. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 mara nyingi harushi mikono na miguu kama mtoto mkubwa mwenye homa. Hutafuna hewa, hupiga miguu kama anaendesha baiskeli, au huacha kupumua akabadilika rangi. Mkono ukitetemeka, ushike taratibu: kutetemeka kwa kawaida hutulia kiganjani mwako, degedege huendelea. Vyovyote vile, mwite muuguzi.

Hatukimbilii sindano. Kwanza pumzi, kisha tunachoma kisigino kupima sukari, maana akiba ya njiti ni ndogo. Ikiwa imeshuka, glukosi ya asilimia 10, mililita 2 kwa kila kilo, huweza kumtuliza yenyewe. Tunatafuta pia maambukizi, na damu iliyovujia ndani ya ubongo, ambayo kwa njiti hutokea zaidi siku 3 za mwanzo.

Degedege lisipokoma, tunaanza na fenobabitoni. Ni dawa kongwe, inatumika tangu 1912, na Shirika la Afya Duniani (WHO) bado linaitanguliza. Dozi ya kwanza ni miligramu 20 kwa kila kilo, mshipani, polepole kwa dakika 15 hadi 20. Mtoto wa gramu 1,200 hupata miligramu 24. Kwenye kichupa chenye miligramu 200 kwa mililita, hiyo ni mililita 0.12: matone mawili na ushei! Nukta ikihama, mtoto kapewa mara kumi. Kwa hiyo dawa huzimuliwa kwanza, na watu wawili hupiga hesabu kila mmoja kivyake.

Ini na figo zake hazijakomaa, hivyo siku 4 baadaye nusu ya dawa huenda bado imo kwenye damu. Atalala sana, atanyonya kivivu, pengine alishwe kwa mpira wa kulishia. Tunachunga pumzi yake muda wote huo.

Wengi huachishwa dawa kabla ya kuruhusiwa. Wako akiandikiwa kuendelea nayo nyumbani, usiikatishe ghafla, wala usimfukize moshi. Mapafu yale hayauwezi. Siku ya kliniki njoo na chupa ya dawa na bomba unalopimia. Kilo zake zimeongezeka, tutapiga hesabu upya.