Chanta ya mazoezi: anza na plastiki, mpingo utasubiri

Anayejifunza bagipaipu za Uskoti, ala ya kupuliza yenye mfuko wa hewa, haanzi na mfuko huo. Huanza na chanta ya mazoezi: bomba jembamba la vipande viwili, lenye ulimi maradufu (vibamba viwili vinavyotetema ukipuliza) kama wa nzumari ya pwani, matundu saba mbele na moja la kidole gumba nyuma. Noti ni tisa tu, G ya chini hadi A ya juu.

Kwa mtu mzima napendekeza chanta ndefu, kwani matundu yake yamepangwa kwa nafasi iliyo karibu zaidi na ya bagipaipu yenyewe. Milimita chache zina uzito hapa. Mkono wa chini hauzibi kwa ncha: vidole vya shahada, kati na pete hulala vimenyooka na kuziba kwa pingili ya katikati, kidole cha mwisho pekee ndicho hutumia ncha. Vikishazoea nafasi finyu, kuhamia bagipaipu ni kujifunza upya. Chanta fupi ni ya watoto.

Mpingo, huu huu wa Tanzania na Msumbiji, ndio mti unaoheshimiwa kuliko yote kwa bagipaipu, nami naupenda. Lakini mwanafunzi achukue plastiki. Unyevu wa pumzi huvimbisha mti upande wa ndani huku nje ukibaki mkavu, ndipo unapopasuka, hasa ukiwa mpya. Plastiki unaiosha kwa maji na haina madhara. Epuka chanta za bei poa zenye mapambo mengi. Matundu yakitobolewa pasipo mahali pake, hakuna marekebisho ya ulimi yatakayoziponya.

Kabla ya kulipa, ziba matundu yote na upulize kwa nguvu isiyobadilika. Ikilia kwa kukwaruza, mara nyingi kidole kinavuja, si chanta. Kisha linganisha A ya chini na A ya juu. Ya juu ikiwa chini ya inavyotakiwa, zamisha ulimi kidogo sana: noti za juu hupanda zaidi kuliko za chini, kwa kuwa ziko karibu na ulimi. Kiungo kikilegea, ongeza uzi wenye nta hadi kisipitishe hewa.

Nunua ulimi wa akiba siku hiyo hiyo. Kila ukimaliza, tenganisha vipande na ukung'ute maji, maana tone likikaa kwenye ulimi sauti hufifia au hukatika kabisa.