Alama fiche kwenye picha za hospitali: ni nini na inamlindaje mgonjwa

Mgonjwa akipigwa CT scan hapa Moshi, faili linalotoka kwenye mashine halibebi picha ya mapafu yake peke yake. Mfumo wa DICOM, yaani utaratibu wa kuhifadhi na kutuma picha za tiba unaotumika hospitalini karibu dunia nzima, huweka mwanzoni mwa faili jina lake, namba yake ya hospitali, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Faili likitumwa kwa daktari bingwa Dar es Salaam, hayo yote huenda nalo. Likiangukia mikononi mwa mtu mwingine bila kufungwa kwa siri, anayasoma. Anaweza hata kufuta jina na kuandika lingine, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, maana matibabu yatamfuata asiye mgonjwa.

Alama fiche ya kidijitali ni taarifa iliyofichwa ndani ya picha yenyewe, kama sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi ya noti: huioni mpaka uiinue kwenye mwanga.

Inafichwaje? Kipande kimoja cha CT kwa kawaida kina pikseli (vidoa vidogo vinavyounda picha) 512 kwa 512, yaani 262,144, na kila pikseli ni namba inayoeleza weusi au weupe. Tuseme moja ina 1200. Kwa hesabu ya kompyuta, inayotumia 0 na 1 tu, ni 10010110000. Badili tarakimu ya mwisho iwe 1, inakuwa 1201, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Jina na namba ya mgonjwa, tuseme herufi 30, vinahitaji biti 240 (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1, na kila herufi huchukua nane), kwa hiyo pikseli 240 zinatosha.

Hata hivyo, sehemu yenye ugonjwa isiguswe kabisa. Alama iwekwe pembeni, nje ya mwili, au itumike njia inayowezesha kuiondoa na kuirudisha picha ilivyokuwa, biti kwa biti.

Zipo alama dhaifu na alama sugu. Dhaifu huharibika picha ikiguswa kidogo tu, na faida yake ni hiyo hiyo: inafichua uchakachuaji. Hofu hii si ya kufikirika. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walipandikiza uvimbe wa bandia kwenye picha za CT za mapafu, na kwingine wakafuta uvimbe halisi. Madaktari wa radiolojia wakadanganyika. Alama sugu hutawanywa ndani ya picha ili istahimili faili linapobanwa kupunguza ukubwa wake.

Alama fiche si kufuli. Anayejua ilipo ataisoma, hivyo taarifa zifungwe kwanza kwa ufunguo wa siri unaobaki hospitalini. Pia haizuii mtu kupiga picha kioo cha kompyuta kwa simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Hapo alama dhaifu inapotea, ila jina linaloonekana pembeni mwa kioo linasomeka vizuri. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti, na mwenye wajibu wa kuzilinda ni hospitali inayozihifadhi.